Paneli 3 za sola zimekufa kwenye mashua ndani ya miezi 14. Ni chumvi, ni fundi au nimeuziwa feki?

Mkivinje (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina mashua ya mbao, mita 9 na kidogo, nipo Kilwa Kivinje. Tunavua dagaa mchele kwa ringineti, usiku wa giza tu. Mwezi ukikomaa tunapumzika. Tulianza na karabai, tukahamia jenereta ndogo, halafu nikaamua kuingia sola nipumue na petroli. Mzigo wangu: taa 4 za LED za wati 30, redio ya VHF, mashine ya kutafutia samaki, na simu za vijana ambazo haziishi kuchajiwa.

Ndani ya miezi 14 nimeweka paneli 3, zote zimeandikwa 150W, kila moja duka lake. Ya kwanza ilikata ghafla wakati wa kusi. Ya pili ilifanya madoa ya kahawia kama mtu kaizimia sigara. Ya tatu ndiyo inanichanganya: ukiweka testa inasoma volti 20, lakini betri haijai. Fundi wa kwanza anasema chumvi. Fundi wa pili anasema tatizo ni fundi wa kwanza. Muuzaji anasema vitu vya baharini havina waranti.

Paneli ya kudumu kwenye chombo inachaguliwaje? Hela ninayo ya kununua mara moja, ya majaribio sina tena.

Kitomondo
Nimekaa siti ya mbele. Na mimi nina boti Bagamoyo nataka kuweka.

FundiMsambaa
Mkuu, kabla ya yote chukua futi, pima kioo cha hiyo paneli urefu na upana, leta vipimo hapa. Karatasi ya nyuma usiisome.

Mkivinje
Sentimita 67 kwa 54. Zote tatu zinakaribiana.

FundiMsambaa
Umepigwa mkuu. Pole.

Jua kali la saa sita linashusha kama wati 1000 kwenye mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya leo inageuza asilimia 20 hadi 23 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo mita ya mraba = wati 200 hadi 230, hakuna muujiza. Yako ni 0.67 × 0.54, yaani 0.36. Ingekuwa bora kuliko zote sokoni ingetoa 83, ya kawaida 70. Hiyo 150 iko kwenye karatasi tu. Paneli ya kweli ya 150W inakaribia robo tatu ya mita ya mraba, huwezi kuikumbatia kwapani ukapanda nayo daladala.

Sasa angalia unachotumia. Taa 4 × 30 = 120, kwa masaa 8 ni wati-saa 960. Paneli ya 70 kwa masaa 5 ya jua lililoshiba ni 350, toa asilimia 30 ya joto, waya na betri, zinabaki kama 245. Unaingiza 245 unatoa 960. Hata duka la mangi halifiki mwezi kwa mahesabu hayo. Betri yako ni ipi?

Mkivinje
N100 ya maji, ile ya lori. Moja.

FundiMsambaa
Basi na yenyewe iandalie kaburi. Betri ya lori imetengenezwa kupiga stata, siyo kukesha na taa. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku haitakusamehe.

BahariaMstaafu
Fundi, hesabu yako siipingi, ila umejibu swali ambalo hakuuliza. Paneli ndogo siyo paneli iliyokufa. Ingekuwa feki ya wati 70 ingeendelea kutoa 70 zake miaka 10. Kwa nini zimekufa?

Nimekaa baharini miaka 26, tagi na meli za mwambao. Mimi nasema chumvi. Geuza paneli, nyuma kuna kiboksi cheusi ambako waya zinatokea. Kwenye paneli za bei chee kifuniko chake hakina hata mpira. Maji ya chumvi yanarushwa, yanaingia, yanakauka, yanarushwa tena. Shaba inageuka unga wa kijani. Testa itakusomea volti 20 kwa sababu testa haili umeme, inalamba tu. Ukiweka mzigo, ule unga haupitishi kitu. Ya tatu yako haijafa, imezibwa koo.

Injinia Mtarajiwa
Mzee umeeleza ya tatu vizuri. Madoa ya kahawia kwenye ya pili hayasababishwi na chumvi. Hicho ni kivuli.

Paneli ya volti 12 kwa kawaida ina seli 36 zilizofungwa mnyororo. Seli moja ikifunikwa haizalishi, na zile 35 zinalazimisha umeme upite humo kwa nguvu. Ile seli inakuwa pasi. Ndiyo maana nyuma huwekwa dayodi, ili umeme uzunguke pembeni upande wenye kivuli ukilala. Kwenye za bei chee dayodi ni dhaifu, nyingine nimefungua boksi nikakuta hamna kabisa. Mkuu, juu ya paneli kwako kunapita nini? Mlingoti? Foromali (mti unaoshika tanga)?

Kitomondo
Mashua ya ringineti na foromali wapi na wapi? Wanatembea na mashine hao.

Mkivinje
Tunatweka tanga tukirudi, upepo ukiruhusu. Petroli bei unaijua. Paneli iko juu ya kipaa tezini (nyuma ya chombo), tanga likienda upande huo linaifunika nusu. Na nisiwafiche, vijana wanaanikaga fulana juu yake.

Injinia Mtarajiwa
😂😂 Fulana. Nafunga jalada.

BahariaMstaafu
Usifunge. Fulana ni ya saa moja, haiwezi kutoboa seli.

Injinia Mtarajiwa
Saa moja saa sita mchana, kila siku, miezi mitano, dayodi hakuna. Inaweza mzee.

MwanaShela
Nawasalimu kutoka Lamu. Kwetu tuna chombo cha kutembeza wageni. Tulinunua zile paneli laini zinazokunjika, za kubandika juu ya paa kwa gundi, tukaona ndiyo mwarobaini: nyepesi, hazishiki upepo, haziharibu sura ya jahazi. Hazikumaliza kaskazi mbili. Uso ulianza kuwa na ukungu kama glasi ya bafuni, halafu mabaka, halafu basi.

Kaka yangu anasema ni joto, kwa kuwa chini ya gundi hakuna hewa inayopita. Mimi nasema ni wageni, maana wanakaa juu yake kupiga picha machweo na seli zinapasuka ndani bila kuonekana. Mpaka leo hatujakubaliana na paneli zilishatupwa.

Mswahili wa Sur
Wote wawili mko sahihi. Nipo Oman, Sur, nafunga vifaa kwenye boti za uvuvi. Huku joto halina utani. Namba ya paneli hupimwa seli zikiwa nyuzi 25. Juani seli zinafika 65 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi inakata kama asilimia 0.35 hadi 0.4. Piga hesabu, umepoteza karibu asilimia 15 hata kabla ya kivuli. Ukibandika kwa gundi joto linapanda zaidi. Nunua ya kioo na fremu, iache ipumue chini, sentimita 5 na kuendelea.

Na mleta uzi: kuna kipimo cha kimataifa cha mvuke wa chumvi, IEC 61701. Paneli za viwanda vikubwa huandikwa kwenye karatasi ya maelezo kama zimefaulu. Muulize muuzaji akuoneshe karatasi ya modeli hiyohiyo, siyo ya binamu yake.

FundiMsambaa
Mkuu wa Sur, hiyo namba hata mimi naweza kuichapa kwenye stika nikiwa nyumbani. Soko letu unalijua.

Mswahili wa Sur
Ndiyo nikasema karatasi ya modeli. Chukua namba iliyo mgongoni mwa paneli, itafute kwenye tovuti ya kiwanda. Kama urefu, upana na uzito havilingani na unachokishika mkononi, rudisha. Hicho stika haiwezi kudanganya.

Mkerewe
Jamani mimi nipo ziwani, Ukerewe. Huku dagaa tunavua kwa taa tangu enzi za karabai, sasa wengi wamehamia LED. Nauliza swali la kijinga: kwa nini mnapeleka paneli majini? Paneli inafanya kazi mchana. Dagaa mnavua usiku. Mimi paneli zangu ziko juu ya bati kambini, zinachaji betri mchana kutwa, jioni tunabeba betri tu. Nina paneli ya mwaka wa 6 haijawahi kuona wimbi.

Kitomondo
Hili swali lingekuwa la kwanza kwenye uzi tungeokoa bando.

Mkivinje
Mkerewe una hoja, nikajibu kwa ukweli. Moja, N100 ina uzito wa mtoto wa shule, na sisi hatuna gati. Maji yakitoka mashua inalala mbali, tunatembea kwenye matope mpaka magotini. Mbili, kuna safari tunalala Songosongo siku 3 au 4. Tatu, ukiacha paneli ufukweni ukarudi ukaikuta, mshukuru Mungu.

Mkerewe
La tatu hata huku lipo. Nimeweka mlinzi, na mlinzi nimemwekea mlinzi.

Injinia Mtarajiwa
Uzito unatatulika kwa lithiamu. Betri ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa) ni kama kilo 11 au 12, ya risasi inafika 28 hadi 30. Na ya lithiamu unaitumia karibu yote, siyo nusu.

FundiMsambaa
Na bei yake mtaje, msiishie kwenye kilo.

NahodhaJibondo
Salaam. Nimeusoma uzi wote, naongeza kisa. Baada ya fundi kufunga sola kwenye boti yangu, dira ilianza kusema uongo. Mchana inakengeuka, usiku inakaa sawa. Njia ya Mafia naijua kwa macho, ningekuwa mgeni ningejikuta juu ya mwamba. Kumbe waya wa chanya alipitisha kushoto na wa hasi kulia, dira ikawa katikati. Umeme ukipita unatengeneza sumaku. Tulizifunga pamoja, tukazisokota kama kamba, dira ikatulia.

BahariaMstaafu
Nahodha, una uhakika haikuwa spika ya redio? Nimeona dira nyingi zikiharibiwa na spika iliyowekwa jirani.

NahodhaJibondo
Spika ilikuwepo miaka miwili kabla ya sola.

BahariaMstaafu
Lakini fundi alipopitisha waya hakuisogeza?

NahodhaJibondo
...Aliisogeza. Ila dira ilikuwa inadanganya mchana tu mzee, na redio tunawasha usiku.

BahariaMstaafu
Sumaku ya spika haisubiri uwashe redio.

NahodhaJibondo
Basi ingedanganya usiku pia. Tuishie hapo.

Kijogoo wa Bububu
Babu zetu walikwenda mpaka Uhindi bila paneli wala testa. Nyie dagaa tu mnahitaji shahada.

Mswahili wa Sur
Walikuwa wanakwenda na kusi, wanakaa miezi, wanarudi na kaskazi. Mkivinje dagaa wake atawaambia wasubiri miezi?

Kitomondo
Kuna chombo kilizunguka dunia nzima kwa sola tupu, Tûranor PlanetSolar, kiliondoka Monaco Septemba 2010 kikarudi Mei 2012. Kilibeba paneli mita za mraba 537. Kwa hiyo inawezekana.

Kijogoo wa Bububu
Mita 537 dagaa unawaanika wapi?

Mkivinje
Wakuu, nimerudi na majibu. Jana nilimwita kijana wa hapa, tukafungua boksi za nyuma za zote tatu, juu ya jamvi, kama sadaka.

Ya tatu: unga wa kijani kama alivyosema Mzee Baharia. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, ukiushika kwa nje hujui. Tukakuna, tukaunga pale pale kwenye bati za paneli, saa tano asubuhi testa ikasoma ampea 3.6. Ipo hai!

Ya pili: ina dayodi 2, moja imeungua nyeusi. Volti zinasoma 10 na kidogo, yaani nusu.

Ya kwanza: boksi safi kabisa, kavu, hamna kutu. Volti 0.

BahariaMstaafu
Moja kwangu.

Injinia Mtarajiwa
Moja kwangu. Dayodi iliungua kwa kufanya kazi ya fulana.

FundiMsambaa
Dayodi pia inaungua fundi akigeuza chanya na hasi kwenye betri. Muulize fundi wa kwanza kama hakutoa cheche siku ya kufunga. Kanuni: kontrola (kidhibiti cha chaji) kwanza ifungwe betri, ndiyo paneli. Kutoa, anza na paneli.

Mkivinje
Cheche alitoa. Alisema ni kawaida.

FundiMsambaa
Ni kawaida yake.

NahodhaJibondo
Na hiyo ya kwanza yenye sifuri? Isije ikawa radi. Ilikata wakati wa kusi, umesema.

Mkivinje
Radi sikumbuki. Ila wiki ile tulipigwa na bahari mbaya, kijana mmoja aliruka kutoka kipaani.

MwanaShela
Aliruka kutoka juu ya paneli?

Mkivinje
Karibu na paneli. Ndivyo anavyosema.

MwanaShela
Kama wageni wangu. Zile bati nyembamba zinazounganisha seli zikikatika hata moja, mnyororo mzima umelala.

Injinia Mtarajiwa
Ingekatika bati moja, dayodi ingeokoa nusu. Sifuri kamili inaniambia kiungo cha kutokea au bati mbili pande zote. Au kweli radi.

Mswahili wa Sur
Au ilitoka kiwandani na kiungo kibovu cha kuchomea, mtikisiko wa mashine ukamalizia. Hiyo hamtaijua mpaka mvunje kioo. Tuongelee atakachonunua.

FundiMsambaa
Sawa. Kwa mzigo wake anahitaji kama wati 300 za kweli, na zaidi wakati wa masika mawingu yakitanda. Kuna njia mbili. Paneli 2 za 150 hadi 200, au paneli moja kubwa ya nyumbani, ya 450 au 550. Ile kubwa kwa kila wati ni rahisi sana. Ningekuwa mimi ningechukua kubwa.

NahodhaJibondo
Fundi wewe ni wa nchi kavu. Paneli ya 550 ina urefu wa mita 2 na robo, upana mita 1 na zaidi, uzito unakaribia kilo 28. Ifunge juu ya kipaa cha mashua, kusi ivume, hilo ni tanga la pili ambalo huwezi kulitua.

FundiMsambaa
Boti za utalii Nungwi wanazo.

NahodhaJibondo
Boti za utalii zinalala kukiwa na upepo.

Injinia Mtarajiwa
Mbili ndogo, moja kila upande, joshini na demanini (upande wa upepo na upande wa pili). Tanga likifunika moja nyingine inakula jua. Na zifungwe sambamba (chanya na chanya, hasi na hasi), siyo mnyororo, ili moja isiiburute nyenzake.

Mswahili wa Sur
Mimi nafunga mnyororo. Volti zinapanda, ampea zinashuka, waya mwembamba unatosha, na asubuhi inaanza kuchaji mapema. Kwa kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampea.

Injinia Mtarajiwa
Boti zenu hazina tanga mkuu.

Mswahili wa Sur
Hapo umenikamata nusu.

Mkivinje
Kontrola yangu imeandikwa MPPT. Nilinunua bei ya sahani mbili za pilau.

FundiMsambaa
Inyanyue. Kama nyepesi kama kiberiti, hiyo ni PWM (kontrola ya kawaida) iliyobatizwa. MPPT ya kweli ina koili nzito ndani na bati la kupoza joto mgongoni. Kipimo kingine: betri ikiwa na njaa, jua kali, pima ampea zinazotoka kwenye paneli na zinazoingia kwenye betri. MPPT ya kweli zinazoingia zinazidi zinazotoka, kwa sababu inashusha volti 18 kuwa 13 na kuongeza ampea. Zikiwa sawasawa, umeuziwa jina.

BahariaMstaafu
Na waya. Nunua waya wa shaba uliopakwa bati, ule mweupe ukiumenya. Huu mwekundu wa nyumbani chumvi inaufuata ndani ya ganda kama mchwa, ndicho kilichokukuta. Boksi la nyuma lijaze silikoni. Bolti za chuma cha pua usizigusishe moja kwa moja na fremu ya alumini, weka washa ya plastiki, la sivyo alumini inaliwa mpaka bolti inabaki na tundu. Fyuzi karibu na betri.

Mswahili wa Sur
Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inakula shaba.

BahariaMstaafu
Miaka 26 nimetumia inayonuka siki.

Mswahili wa Sur
Na miaka 26 umekuwa ukikuna unga wa kijani, mzee wangu 😂

Kitomondo
Mkivinje, umeamua nini sasa?

Mkivinje
Ile ya tatu nimeirudisha kazini, tumeipaka silikoni (sijui inanuka nini, nilikuwa na mafua). Taa nimepunguza zikawa 2 kwanza. Jumamosi napanda Dar na futi mfukoni kutafuta mbili za 150 za kweli, fundi namchukua wangu mwenyewe. Kuhusu sambamba au mnyororo, nitafunga sambamba giza hili, giza lijalo mnyororo, nitaandika ampea kwenye daftari. Fulana nimepiga marufuku. Asanteni.

Mkerewe
Na betri ya lori?

Mkivinje
Hiyo bado tupo nayo. Hela ina mwisho.

Kijogoo wa Bububu
Mkuu zile mbili mbovu unauza? Hiyo ya nusu volti nina banda la kuku, nataka taa moja tu.

Mkivinje
Njoo inbox. Imeandikwa 150W lakini.

Kijogoo wa Bububu
Nitakuja na futi.